Pigo na Hatua: Istilahi za Mota katika Mashine Chakavu za Kuchorea na Kukatia

Istilahi nyingi zinazofika mezani huletwa na mambo makubwa: sheria mpya, mtaala mpya, au elimu iliyoingia vyuoni. Safari hii tunashughulika na jambo dogo, ambalo halikuletwa na wizara wala na chuo. Nalo ni ufundi wa kuzifufua mashine za kuchorea ramani na zile za kukatia stika, ambazo zimewekwa stoo kwa kuwa bodi zake za umeme zimekufa, au kwa kuwa kompyuta za leo hazina hata tundu la kuchomekea waya wake. Fundi huiacha mifupa ya mashine kama ilivyo, yaani reli, mikanda na mota. Huitoa bodi ya zamani, huweka bodi ndogo ya bei nafuu, kisha huiendesha mashine kwa programu inayotolewa bila malipo. Mashine iliyokuwa ikichora mipaka ya viwanja huweza baada ya hapo kukata herufi za kubandika kwenye mlango wa daladala, au namba za mgongoni za jezi za shule.

Ufundi huu si wa kufikirika tu. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, nchini Togo, alijulikana duniani kwa kuunda printa ya pande tatu kutokana na sehemu zilizookotwa katika taka za kielektroniki. Hapa Afrika Mashariki, STICLab ya Dar es Salaam na AB3D ya Nairobi zimepita njia hiyo hiyo. Printa ya pande tatu, mashine ya kuchorea na mashine ya kukatia stika ni ndugu wa tumbo moja: mota zake ni za aina moja, na maneno yanayohitajika kuzieleza ni yale yale.

Tatizo ni hayo maneno. Karakanani mafundi huzungumza Kiswahili na huelewana vizuri, kwa sababu kitu chenyewe kipo mbele yao. Mmoja hunyoosha kidole, mwingine akaona. Mwongozo ulioandikwa hauna kidole. Kwa hiyo katika kupima kila neno tumemweka mbele yetu msomaji mmoja wa kubuni: mwalimu wa sayansi, au fundi redio, aliyeko Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, wilayani Sumbawanga, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Mtu huyu amenunua mashine chakavu na amepata mwongozo uliotafsiriwa. Hana jirani mwenye mashine kama yake, na kupanda hadi Sumbawanga mjini kwa ajili ya kuuliza neno moja ni safari yenye gharama. Istilahi inayoeleweka Kariakoo kwa kuwa kitu kimelala juu ya meza, lakini isiyomfikisha huyu wa Ilemba kwenye kitendo sahihi, hatuihesabu kuwa imefaulu.

Mota yenyewe

Yafaa kwanza kitu kieleweke. Mota ya kawaida, kama ile ya feni, ikipewa umeme huzunguka mfululizo mpaka umeme ukatwe. Mota tunayoizungumzia haifanyi hivyo. Sehemu yake tuli ina koili kadhaa, na sehemu yake izungukayo ina sumaku yenye meno membamba. Koili moja ikipitishiwa mkondo, meno ya sumaku huvutwa yakalingana na meno ya upande wa koili ile. Mhimili husogea kidogo, ukasimama. Mkondo ukihamishiwa koili nyingine, mhimili husogea tena kiasi kile kile. Katika mota zilizo nyingi msogeo huo mmoja ni digrii 1.8, hivyo mzunguko mzima hutimia kwa misogeo 200. Mkondo usipohamishwa, mota hukaa pale pale ikiwa imeshikilia. Ukijaribu kuuzungusha mhimili kwa vidole, itakupinga.

Mafundi wengi huiita mota hii stepa. Neno hilo halina kosa la matamshi, wala hatuna haja ya kulipiga vita dukani, kwani ndilo litakalomwezesha mtu kununua kitu anachokitaka. Lakini halimwelezi chochote asiyejua lugha lilikotoka, na halizai maneno mengine. Mtu aweza kupendekeza mota ya ngazi. Tunalikataa, maana ngazi humpeleka msomaji kwenye kupanda na kushuka, na katika habari za umeme atadhani ni ngazi za volteji. Neno linalofaa ni hatua. Kiumbe kinachotembea huinua mguu, huuweka, husimama, ndipo huinua tena. Na ndivyo mota hii ifanyavyo. Zaidi ya hayo, hatua huja na vitenzi vyake: hupigwa, huhesabiwa, hupotezwa. Tutaona punde kwamba vitenzi hivyo vina thamani kuliko jina.

Limebaki suala la kiunganishi. Tukisema mota ya hatua, tutakwama mara tu tutakapotaka kuongeza sifa: mota ya hatua ya nyaya nne. Je, nyaya nne ni za mota au ni za hatua? Lugha yetu ina njia ya zamani ya kuweka nomino mbili bega kwa bega, kama punda milia na gari moshi. Tunapendekeza mota hatua, nayo ibaki hivyo katika umoja na wingi: mota hatua hii, mota hatua hizi, mota hatua ya nyaya nne.

Neno lenye kazi nyingi mno

Hata hivyo hatua ina kasoro moja ambayo mfasiri hana budi kuikabili mapema. Neno hili limekuwa punda wa maandishi ya ofisi. Kila kosa huchukuliwa hatua, kila mradi una hatua zake, na kila mwongozo hupangwa kwa hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tazama sentensi ifuatayo, ambayo tumeitunga lakini haitofautiani sana na tafsiri zinazotoka kila siku: "Katika hatua ya tatu weka hatua 80 kwa milimita, ukiona hatua zinapotea, rudia hatua ya pili." Mwenye mashine mbele yake atakisia. Yule wa Ilemba huenda akarudia sura nzima, au akabadili namba isiyohusika.

Dawa yake si kuikimbia hatua, bali ni kuikomboa. Katika mwongozo wowote unaohusu mota hizi, neno hatua litumike kwa mota tu. Taratibu za kazi ziandikwe kwa namba peke yake, au ziitwe vifungu. Tumejaribu kufanya hivyo katika makala haya, na tumeona kwamba si vigumu. Kalamu huzoea baada ya ukurasa mmoja.

Pigo halikuwa hatua

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha istilahi hizi zote. Bodi ndogo ya kompyuta haiwezi kuipa mota umeme moja kwa moja, kwani nguvu yake ni ndogo. Hutuma ishara fupi ya umeme, moja moja, kwa kifaa kingine, na kifaa hicho ndicho huhamisha mkondo kutoka koili hadi koili. Kuna basi mambo mawili: ishara iliyotumwa, na msogeo uliotokea. Kiingereza huyaita yote mawili kwa jina moja, na mfasiri anayeshika neno kwa neno huurithi utata huo bila kujua, akaandika hatua mahali pote.

Kiswahili kina nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Ishara iliyotumwa tuiite pigo, wingi mapigo, kama mapigo ya moyo. Msogeo wa mhimili tuuite hatua. Bodi hupiga, mota hupiga hatua. Mapigo hutumwa, hatua hupigwa. Siku zote mbili zikilingana, mchoro hutoka sawasawa. Zisipolingana, kuna kasoro, na fundi mwenye maneno mawili ana njia ya kuitafuta: je, mapigo hayakutumwa, au yalitumwa lakini hatua hazikupigwa?

Faida ya maneno haya mawili huonekana zaidi katika hesabu. Mhimili wa mota hubeba gurudumu la meno linalovuta mkanda. Tuseme gurudumu lina meno 20, na nafasi kati ya jino na jino la mkanda ni milimita 2. Mzunguko mmoja basi husogeza mkanda milimita 40. Mota ikipiga hatua 200 kwa mzunguko, kila milimita huhitaji hatua 5. Lakini vifaa vya siku hizi huweza kuigawa hatua. Badala ya kuukata mkondo wa koili moja kabisa na kuuwasha wa nyingine, hupunguza huku na kuongeza kule kidogo kidogo, mhimili ukasimama katikati ya vituo vyake vya kawaida. Mgawo unaotumika sana ni wa 16. Hapo mzunguko mmoja huhitaji mapigo 3,200, na milimita moja huhitaji mapigo 80.

Namba hiyo ya 80 ndiyo ambayo programu huiulizia. Ikiwa mwongozo umeiita "hatua kwa milimita", msomaji mwenye akili timamu atapiga hesabu kwa hatua anazozijua, yaani 200 kwa mzunguko, na ataandika 5. Mashine haitakataa. Itachora kila kitu kikiwa sehemu moja ya kumi na sita ya ukubwa wake: mstari wa milimita 160 utatoka na milimita 10. Msomaji atadhani mkanda unateleza, au mota imekufa, na huenda akanunua nyingine. Lakini mwongozo ukisema "mapigo kwa milimita", atalazimika kujiuliza ni mapigo mangapi yanayotimiza hatua moja, na swali hilo litampeleka kwenye mgawo. Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wanaodai kwamba istilahi njema ni ile inayolingana na neno la asili. Neno la asili lenyewe lina ufa. Hatuna sababu ya kuuhamishia ufa huo kwetu.

Ile sehemu ya hatua nayo yahitaji jina. Hatua ndogo halifai, maana udogo ni wa kulinganisha, na hatua ya mota moja ni ndogo kuliko ya mota nyingine bila kugawanywa. Tulifikiria kihatua, kwa kiambishi cha udogo, tukaliacha, kwa sababu msomaji aweza kulisoma kama kielezi, sawa na kitoto au kizungu: mota inakwenda kihatua. Kijihatua, wingi vijihatua, halina utata huo. Mtu atasema lina sauti ya dharau; na iwe hivyo, maana kijihatua kweli ni kinyonge. Mota iliyosimama kwenye kijihatua hushikilia nafasi hiyo kwa nguvu ndogo kuliko iliyosimama kwenye hatua kamili. Vijihatua huleta mwendo laini na kupunguza mtetemo, lakini asidanganyike mtu kwamba kugawa kwa 32 kutampa usahihi maradufu ya kugawa kwa 16.

Kama kuna anayeona kwamba tunapasua unywele, tungemkumbusha wafua chuma wa Ufipa. Kabla ya chuma cha viwandani kuenea, chuma kilipatikana katika uwanda ule kwa kazi mbili mbalimbali. Kwanza mawe ya chuma yaliyeyushwa katika tanuri refu kuliko mtu, ambalo halikuvuviwa; upepo ulijiingilia wenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, lililovuviwa kwa mivukuto. Wafipa hawakuyaita tanuri kubwa na tanuri dogo. La kwanza ni ilungu, wingi malungu. La pili ni kintengwe. Majina mbalimbali kabisa kwa sababu kazi zilikuwa mbalimbali, na aliyetaja jina alikuwa ametaja pia moto wa namna gani na kitu gani kinaingia ndani. Magofu ya malungu yangalipo vilimani. Kiswahili kimekwisha kuchukua ikulu kutoka kwa majirani wa bara na ngeli kutoka Kihaya. Hatujui kwa nini tabia hii ya kutaja kitu kwa kazi yake isichukuliwe nayo.

Dereva aliyeungua

Kifaa kinachopokea mapigo na kuhamisha mkondo huitwa na mafundi dreva, na wafasiri wengine wameandika dereva. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Dereva akipata joto sana, mwekee feni." Hatuna ugomvi na utani huo, lakini upatanisho wa kisarufi unavurugika. Je, dereva ameungua au imeungua? Wengine wamejaribu kiendeshi. Neno hilo ni zuri, isipokuwa limekwisha kupewa kazi nyingine katika istilahi za kompyuta, ambako linatajwa kwa kifaa cha diski. Tangu ilipotolewa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake, watumiaji wa kompyuta kwa Kiswahili wamekuwa na msamiati ambao haifai kuuvuruga kila mara kifaa kipya kinapoingia.

Njia ya kutokea iko ndani ya lugha. Tuna kipaza sauti, kinasa sauti, kipima joto na kifungua kopo: kitenzi kikifuatwa na kitu kinachotendewa. Kwa mfano huo huo tunapendekeza kiendesha mota, wingi viendesha mota. Jina linasema kinachoendeshwa, upatanisho hauna shida, na kiendeshi kinabaki na diski yake. Waya mbili zinazokiingia kutoka kwenye bodi zitaitwa waya wa pigo na waya wa mwelekeo. Ule wa kwanza husema "songa", wa pili husema "upande huu".

Kuhusu kifaa hiki kuna onyo ambalo mfasiri asilipunguze wala kulipamba. Viendesha mota vya bei nafuu, kama vile vya A4988, huharibika mara moja mota ikichomolewa wakati umeme ungali unapita. Tumeona onyo hilo likiandikwa "haishauriwi kutenganisha mota wakati wa operesheni." Hiyo ni lugha ya baraza la madiwani. Liandikwe: "Zima umeme kabla ya kuchomoa waya wa mota. Usipozima, kiendesha mota kitaungua." Kadhalika, kiasi cha mkondo kinachoruhusiwa kupita hupangwa kwa skrubu ndogo iliyo juu ya kifaa, tuiite skrubu ya ukomo wa mkondo. Ukomo ukiwa chini mno, mota haina nguvu. Ukiwa juu mno, mota na kiendesha mota hupata joto la kuunguza.

Kuhesabu nyaya

Vitabu hugawa mota hatua kwa majina yanayotokana na ncha za sumaku, na mfasiri hutamani kuandika "mota ya ncha moja" na "mota ya ncha mbili". Tunamsihi asifanye hivyo. Majina hayo yanahusu namna mkondo unavyopita katika koili, si idadi ya ncha za kitu chochote ambacho msomaji anaweza kukiona. Mafundi wamepata njia bora: huhesabu nyaya. Mota hatua ya nyaya nne ina koili mbili zisizogusana, na ndiyo inayotakiwa na viendesha mota vya kawaida. Ya nyaya sita ina koili mbili zenye waya wa katikati kila moja. Waya hizo za katikati zikiachwa bila kuungwa, mota hutumika kama ya nyaya nne. Ya nyaya tano imeunganisha waya wa katikati ndani kwa ndani, na haitafaa kwa kiendesha mota hicho.

Kujua waya gani ni wa koili gani hakuhitaji hata mita. Katika mota ya nyaya nne, gusanisha waya mbili, kisha uzungushe mhimili kwa vidole. Ukiona umekuwa mgumu, waya hizo ni za koili moja. Ukibaki mwepesi, jaribu jozi nyingine. Maelezo haya yanastahili kuwamo katika kila tafsiri, hata kama hayamo katika matini asilia.

Lipo jambo jingine ambalo msomaji wetu wa bondeni hana budi kuambiwa kabla hajatoa fedha: si kila mashine ya kuchorea ina mota hatua. Nyingi zilizokuja baadaye, hasa za wino, hutumia mota ya kawaida ya nyaya mbili pamoja na utepe mwangavu wenye mistari myembamba, unaosomwa na jicho la mwanga ili mashine ijue ilipo. Mota ya namna hiyo haijui hatua, na kuipa kiendesha mota cha A4988 ni kazi bure. Utepe huo tunauita utepe wa mahali.

Programu na amri zake

Programu inayotumika sana ni Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, nayo huwekwa katika bodi ndogo ya Arduino Uno. Wenye kompyuta za zamani zenye tundu la printa hutumia LinuxCNC, iliyotokana na kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani. Kuhusu zile herufi tatu, CNC, maana yake ni kuongozwa kwa tarakimu kupitia kompyuta. Hatuoni faida ya kuzitungia ufupisho mwingine. Iandikwe mashine ya CNC, na maana ielezwe mara moja mwanzoni.

Amri zenyewe, kama G1 X40 Y10, zisiguswe. Ni sawa na namba ya simu: ukiitafsiri, hakuna atakayepokea. Tuiite lugha hiyo msimbo wa G. Mashine nyingi za zamani zina lugha nyingine, HPGL, iliyobuniwa na Hewlett-Packard, ambamo PU ni kalamu juu na PD ni kalamu chini, na ambamo milimita moja ni vipimo 40. Wafasiri wanapaswa kuitaja HPGL kwa sababu ya kiuchumi pia: ikiwa bodi ya zamani ingali hai, huenda hakuna haja ya kuing'oa. Programu ya bure kama Inkscape huweza kuandika mchoro kwa HPGL, na mashine ikafanya kazi na bodi yake ya kuzaliwa nayo.

Kupoteza hatua

Mashine hizi hazijui zilipo. Bodi hutuma mapigo na kuamini kwamba hatua zimepigwa. Wataalamu huuita mfumo huu kwa mfano wa kitanzi kisichofungwa, lakini kitanzi katika Kiswahili kina habari zake za huzuni, nasi tunashauri mfumo usio na mrejesho. Kisu kikizama mno katika stika, au mashine ikitakiwa kuanza kwa kasi kubwa kabla haijachangamka, mota huvuma na kutetemeka bila kusogea, huku mapigo yakiendelea kutumwa. Mota imepoteza hatua. Tusiseme imeruka hatua, maana aliyeruka amefika mbele, na mota hii imebaki nyuma. Yakipotea mapigo 40 katika mfano wetu, herufi zote zinazofuata zitakaa nje ya mahali pake kwa nusu milimita, na hakuna taa wala kengele itakayosema. Msomaji apelekwe kwanza kwenye mchapuko, yaani kiasi cha kuongeza kasi, aupunguze. Kisha kwenye ukomo wa mkondo. Kisha kwenye kina cha kisu.

Kasoro inayofanana nayo, lakini yenye asili nyingine, ni pale gia au mkanda unapokuwa na nafasi, hata mota ikigeuza mwelekeo mashine huchelewa kufuata. Mafundi husema gia inacheza. Hatukuona neno bora. Jina lake liwe mchezo. Kasi ya kisu wakati wa kazi, ambayo tafsiri kadhaa zimeiita kasi ya kulisha kana kwamba ni ng'ombe, iitwe kasi ya kukata, au kasi ya kuchora. Swichi zinazoizuia mashine isigonge mwisho wa reli ni swichi za kikomo, na kitendo cha kuzitafuta ili kuanza kuhesabu upya ni kurejea sifuri.

Neno moja bado linatusumbua. Kisu cha mashine ya stika hakigeuzwi na mota. Ncha yake haiko chini kabisa ya kitovu cha kishikio, bali iko nyuma kidogo, na hujigeuza yenyewe kufuata mwendo, kama yafanyavyo magurudumu ya kiti cha ofisi. Kisu hicho tumekiita kisu cha kukokotwa, kwa kuwa ndivyo kinavyokwenda, na fundi aliyewahi kuvuta mkokoteni hahitaji maelezo zaidi. Lakini ule umbali kati ya kitovu na ncha tuuiteje? Mkengeuko una harufu ya takwimu. Mchelewo unavutia, ila unahusu wakati zaidi kuliko mahali. Kwa sasa tunaandika umbali wa ncha, na tungependa kusikia kutoka kwa wanaokata stika kila siku wanatumia neno gani. Hadi hapo, mfasiri ataje kipimo pamoja na jina, ambacho katika visu vingi vya stika ni milimita 0.25, programu isipoambiwa namba hiyo, pembe za herufi hutoka za mviringo, na herufi O haifungi.